Binti ana PCB daraja la pili, wakala anasema Zambia hawahitaji kidato cha sita. Naomba ushauri

Mama_Uyole

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za leo. Nipo Uyole, Mbeya. Nauliza kuhusu binti aliyemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB: Fizikia E, Kemia D, Biolojia C. Daraja la pili, pointi 12. Anataka Udaktari na hataki kusikia kingine. Tumejaribu kuomba vyuo viwili vya hapa nchini na mfumo umemkataa palepale, haukumfikisha hata kwenye ukurasa wa kulipia.

Sasa kuna wakala anapita huku kwetu na Mwanjelwa. Anasema Zambia wanachukua kwa cheti cha kidato cha nne tu, ukiwa na C tano umeingia, na kwamba Tanzania tunajikaza bure kwa masharti makali. Anataka malipo ya kwanza ndani ya wiki mbili. Ndugu mwingine anasema afadhali Malawi kuliko Zambia, mwingine anataja Kenya kwa sababu "serikali yao inalipia wanafunzi".

Naomba kueleweshwa: kwa nini daraja la pili likataliwe hapa na likubaliwe kwa jirani? Shahada ya huko akirudi nayo itakuwa na nguvu ileile? Na mkopo wa Bodi utamfuata huko? Baba yake alishafariki, kwa hiyo suala la ada ni zito kweli.

MwlTaaluma_Kihesa

Mama, pole na majukumu. Tuanze na pointi, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapopotezwa.

Kuna pointi za aina mbili na zinakwenda kinyume. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, na ndogo ndiyo nzuri. Binti ana 5+4+3, jumla 12, na hilo ni daraja la pili halali. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, huhesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kubwa ndiyo nzuri. Kwa hesabu hiyo ana 1+2+3, jumla 6.

Kizingiti cha jumla cha kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili yenye pointi zisizopungua 4.0, na masomo hayo lazima yawe yale yanayoibeba kozi unayoomba. Jumla ya masomo yoyote mawili haitoshi. Udaktari una sharti lake juu ya hilo: Fizikia, Kemia na Biolojia zote ziwe zimefaulu, jumla isipungue 6, na ndani yake Kemia iwe angalau C, Biolojia angalau D, Fizikia angalau E. Binti anazo 6 kamili. Biolojia imevuka, Fizikia imegusa. Kilichomkwamisha ni Kemia ya D, basi. Mfumo haukukosea, na daraja la pili haliingii kwenye hesabu hiyo hata kidogo. Mwenye pointi 12 zilezile za NECTA akiwa na Kemia C, Biolojia D na Fizikia E atapita, kwa sababu TCU inampa 6 zilezile lakini zimekaa mahali pake.

Kwa hiyo anapungukiwa alama moja ya somo moja. Hilo ulishike vizuri kabla hujasikiliza mtu anayekuambia milango yote ya hapa imefungwa.

Mpakani_Tunduma

Wakala amesema nusu ya ukweli. Zambia shule ilikuwa miaka 12, saba ya msingi na mitano ya sekondari, mpaka mtaala mpya ulipoanza mwaka 2025. Kwa miaka mingi hawakuwa na kidato cha sita kama chetu, ndiyo maana sharti la chuo kikuu kwao limekuwa kredit tano za darasa la 12, yaani alama 1 hadi 6 kwenye mizani yao ya 1 hadi 9. Cheti chetu cha kidato cha nne chenye C tano kikiwekwa pembeni ya hicho kinafanana kwa macho.

Nusu asiyoisema ni hii. Pale UNZA, Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, utaratibu uliozoeleka ni kwamba mwanafunzi wa sayansi anaingia kwanza kitivo cha sayansi asilia, mwaka mzima wa Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia. Baada ya hapo ndipo wanagombania nafasi chache za Udaktari na Uhandisi kwa matokeo ya mwaka huo. Asiyefika alama anabaki na shahada ya sayansi, na aliyeanguka kabisa anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Mtoto aliyepata Kemia D baada ya miaka miwili ya kidato cha tano na sita akutane na Kemia ileile kwa kasi ya miezi tisa, takribani kilomita 1,000 kutoka mpakani, ada ikiwa imeshalipwa. Muulize wakala: barua ya udahili inasema Udaktari mwaka wa kwanza, au inasema sayansi asilia?

Sera_na_Vyuo

Nichukue swali la mama la kwanza nilijibu kwa upana, maana linaulizwa kila matokeo yakitoka na majibu yake huwa ya ushabiki.

Kila nchi ina chekeche, kwa sababu hakuna nchi ya ukanda huu yenye viti vya Udaktari vinavyowatosha wanaovitaka. Tofauti ni mahali chekeche lilipowekwa. Tanzania tumeliweka mlangoni, tena kwenye somo mojamoja. Ni kali, ila mzazi analiona kabla hajatoa shilingi. Zambia wameliweka mwaka wa kwanza, kama alivyoeleza ndugu wa Tunduma.

Malawi wameliweka kwenye idadi. Wanataka kredit sita za MSCE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, Kiingereza ikiwemo, lakini nafasi za vyuo vya umma ni chache mno kulinganisha na waliofaulu, kwa hiyo kufikisha sharti hakukupi kiti. Kwa miaka kadhaa walitumia mgawo wa wilaya: kila wilaya ilipewa nafasi kumi za kwanza, zilizobaki zikagawanywa kwa idadi ya watu. Ugomvi wake ulikuwa mkubwa hasa upande wa kaskazini, Karonga na Mzuzu, ambako watoto wengi walifaulu vizuri wakaachwa na wenye alama za chini wa wilaya nyingine. Serikali iliyoingia mwaka 2020 ilitangaza kuachana nao. Mimi naona lengo lake lilikuwa halali, ila ulitibu mwishoni tatizo la shule za sekondari zisizo na maabara.

Uganda wana kidato cha sita kama sisi, na Makerere hupima kwa uzito: somo muhimu kwa kozi linazidishwa mara tatu, linalohusiana mara mbili, la ziada mara moja. Kisha msichana anaongezewa pointi 1.5, tangu mwaka 1990. Kwa hiyo wanaoshindana wanaweza kuwa na alama zilezile wakapishana kwa mpangilio wa masomo tu. Kemia ya D ikizidishwa mara tatu inakuumiza mara tatu.

Kenya mlango ni C+ ya wastani kwenye KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, kisha KUCCPS, chombo chao cha udahili, inawapanga wanafunzi kwa alama za masomo ya kozi. Angalia kilichotokea walipokaza usimamizi wa mtihani: mwaka 2015 waliopata C+ na kuendelea walizidi 160,000, mwaka 2016 wakawa 88,929. Vyuo vilivyokuwa vinaishi kwa wanafunzi wa kujilipia vilikauka ghafla, na sehemu ya madeni ya vyuo vya umma vya Kenya mpaka leo ina mzizi wake hapo. Upatikanaji na ubora vimefungana: ukikaza mtihani bila kupanga fedha, chuo kinakosa hela ya walimu, ukifungua mlango kupata ada, darasa linajaa kuliko maabara.

Na kwetu pia yalitokea. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kabisa, na vingine ikavizuilia baadhi ya kozi. Kwa hiyo "chuo cha hapa nchini" peke yake si dhamana ya ubora. Kinachotazamwa ni kozi ile, mwaka huu.

Mama_Uyole

Asanteni sana. Sikujua kabisa kuwa pointi ni za aina mbili. Barua aliyotuonyesha wakala inaandika "Foundation Year", yaani mwaka wa maandalizi, sasa ndiyo naelewa. Naombeni mnisaidie kwenye mkopo.

Karani_Mafinga

Dada, mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, ni wa chuo kilichoidhinishwa hapa Tanzania. Akivuka Tunduma au Kasumulu kwa gharama zake, mkopo haumfuati. Hilo pekee libadilishe hesabu zako zote, kwa sababu yatima wa baba yuko kwenye kundi linalopewa uzito katika kupima uhitaji.

Kinachowaangusha waombaji huwa ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha baba lazima vihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) kwa mtandao kabla ya kuomba, na wengi hukumbuka dirisha likiwa linafungwa, foleni ya uhakiki imeshakuwa ndefu. Jina liwe moja kote: cheti cha kuzaliwa kikisema "Neema Asajile" na cha kidato cha nne kikisema "Neema A. Mwakasege", maombi yanakwama (majina ni ya mfano tu). Ada ya maombi ni shilingi 30,000 kwa namba ya malipo. Ukishajaza unachapa fomu, inasainiwa na kugongwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji, kisha hakimu au wakili, mwombaji na mdhamini wanasaini, halafu zile kurasa zilizosainiwa zinapandishwa tena kwenye mfumo. Mtu anapandisha ukurasa ule wa kwanza usio na muhuri, au picha ya simu yenye kivuli isiyosomeka. Ukague mwenyewe kila ukurasa. Namba ya kidato cha nne iwe ileile aliyoombea chuo, la sivyo mifumo miwili haitamtambua kuwa ni mtu mmoja. Sharti jingine: asizidi miaka 35, na awe amehitimu sita au stashahada ndani ya miaka mitano.

Akipata, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, inalipwa kwa awamu, ndiyo lile bumu. Ada kiasi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na utafiti huhesabiwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo usichukulie kuwa "amepata mkopo" maana yake ada yote imelipwa. Marejesho akiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.

Kuhusu Kenya: mfumo wao ulioanza mwaka 2023 huwapanga Wakenya kwa uwezo wa familia, makundi matano. Kundi la kwanza ruzuku ni asilimia 70 ya gharama, mkopo 25, familia 5. Kundi la tano ruzuku 30, mkopo 30, familia 40. Mkopo wa HELB, bodi yao ya mikopo, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Desemba 2024 Mahakama Kuu yao ilitamka mfumo huo unakiuka katiba, suala likaenda rufaa. Lakini hayo yote ni ya raia wao. Binti wa Uyole hapati ruzuku hiyo hata awe na uhitaji kiasi gani.

Kyela_Kasumulu

Mnawatisha watu sana kuhusu nje. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ya mwaka 1997, iliyosainiwa Blantyre, inataka vyuo vya nchi wanachama vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa SADC na viwatoze ada kama wenyeji. Tanzania, Malawi na Zambia wote wamo. Upande wa Afrika Mashariki nao, marais walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu Mei 2017. Mtoto wa Kyela yuko karibu na Mzuzu kuliko Dar. Kwa nini asitumie haki hiyo?

Sera_na_Vyuo

Mkuu Kyela, haki ipo na ni vizuri umeitaja, wengi hawaijui. Shida ni kwamba itifaki haikai dirishani pa mhasibu wa chuo. Vipo vyuo vyenye ada ya mwenyeji, ada ya SADC na ada ya mgeni, na vipo visivyotambua ya katikati kabisa. Chuo binafsi nacho hupanga chake. Kwa hiyo mzazi aombe barua ya ada inayotaja mambo manne: yuko kundi gani, sarafu gani (kwacha au dola, maana deni la dola huongezeka ukiwa umelala), ada hiyo ni ya mwaka huu tu au ya kozi nzima, na gharama za hospitali ya mafunzo zimo au hazimo. Bila barua hiyo asihesabu asilimia 5 wala 50.

Pia tusichanganye mipaka: Kenya na Uganda hazimo SADC, Zambia na Malawi hazimo EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hii ina uzito kwa Udaktari, kwa sababu mabaraza ya madaktari ya Afrika Mashariki yana utaratibu wa kukagua vyuo kwa pamoja na kutambuana. Ukitoka Zambia au Malawi huna njia hiyo. Unapimwa peke yako.

Na jambo dogo linalosumbua watu wa Mbeya hasa: Malawi wana chuo chao kiitwacho MUST, kule Thyolo, na sisi tuna MUST yetu hapa Iyunga. Kwenye fomu yoyote ya uhamisho, malipo au utambuzi wa cheti, andika jina zima la chuo na nchi.

MwlTaaluma_Kihesa

Kuhusu nguvu ya shahada akirudi, zipo hatua ambazo hufanywa kabla ya kulipa chochote. Akishamaliza ndipo mkaanza, itakuwa ni kuomba huruma.

Kwanza, Zambia ina HEA, mamlaka yao ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Hapo kuna mambo mawili tofauti: chuo kusajiliwa, na kozi kuidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali kikafundisha kozi isiyo na idhini. Kwa Udaktari kuna chombo cha tatu, HPCZ, baraza lao la taaluma za afya, nalo lazima liwe limeikubali kozi hiyo. Malawi mlinganishi wake ni NCHE, baraza lao la elimu ya juu, na baraza lao la madaktari. Kenya ni CUE kwa vyuo vikuu na KMPDC kwa madaktari.

Pili, TCU hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, wengi wanakiita NOC, kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Unaombea ukiwa na barua ya udahili na vyeti. Omba hiyo kabla ya malipo, na uulize kwa maandishi kama udahili wa C tano bila sifa za Tanzania za Udaktari utaleta shida wakati wa kutambua shahada. Jibu la maandishi la TCU lina thamani kuliko ahadi ya mtu yeyote. Wakala naye awe na kibali cha TCU. Mwambie akuonyeshe, kisha uhakikishe wewe mwenyewe TCU.

Tatu, Baraza la Madaktari Tanganyika. Hata TCU ikiitambua shahada, hatibu mgonjwa mpaka Baraza limsajili, na kabla ya mwaka wa mafunzo kazini kuna mtihani. Wanaokwama hapo si wachache, na anakuwa ameshatumia miaka sita au saba.

Wiki mbili za wakala hazitoshi hata hatua ya pili. Mama, usilipe.

Mpakani_Tunduma

Mama Uyole, kidato cha nne alipata nini Hisabati na Kiingereza?

Mama_Uyole

Kiingereza C. Hisabati F. Fizikia C, Kemia C, Biolojia B.

MwlTaaluma_Kihesa

Swali zuri sana hilo, maana njia ya pili inapita hapohapo.

Njia ya kwanza ni kurisiti (kurudia mtihani) Kemia ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Mei. Usajili wa kidato cha sita hufunguka katikati ya mwaka, kwa hiyo aulizie kituo sasa hivi. Achague kituo chenye maabara inayofanya kazi, kwa kuwa Kemia ina karatasi ya vitendo, na wanaorisiti nyumbani kwa vitabu peke yake huangukia kwenye uchambuzi wa chumvi na titresheni. Akipata C, atatimiza sharti. Kwenye maombi aandike namba zake zote za mtihani.

Njia ya pili ni stashahada ya Utabibu, miaka mitatu, kisha Udaktari. Kuingia stashahada anatakiwa ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Anazo. Hisabati hapo haimzuii, na ndiyo sababu wengi hawashtuki. Lakini akitaka kupanda kwenda Udaktari, pamoja na GPA ya 3.0 au wastani wa B, anatakiwa angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Kwa F ile atamaliza miaka mitatu, atakuwa tabibu mzuri, na atakuta mlango umefungwa. Akienda njia hii, arudie Hisabati ya kidato cha nne mapema, mtihani ni Novemba na usajili wake hufunguka mwanzoni mwa mwaka. Mkopo wa Bodi kwa ngazi ya stashahada upo tangu mwaka 2023/24, na fani za afya zimo.

Karani_Mafinga

Naongezea ya tatu wasiidharau: ualimu wa sayansi, Kemia na Biolojia, chuo cha Mkwawa pale Iringa. Kemia 2 na Biolojia 3 ni pointi 5, amevuka 4.0. Aombe tu wakati dirisha liko wazi, halafu waamue. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja atatumiwa namba ya kuthibitisha. Athibitishe kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Ila asiingie kwa kushikilia nafasi huku moyo uko kwenye kurisiti: akiacha katikati, bumu alilokwisha kupokea ni deni, na atatakiwa arejeshe sehemu yake kabla Bodi haijamfikiria upya.

Mama_Uyole

Nimekaa naye tumesoma yote. Anasema Kemia atarisiti. Je, anaweza kurisiti Kemia ya sita Mei na Hisabati ya nne Novemba mwaka huohuo, au ni lazima achague moja?

MwlTaaluma_Kihesa

Anaweza, ni mitihani miwili tofauti yenye usajili tofauti na ada tofauti. Ila Kemia ipite kwanza. Kesho aende kituoni na nakala ya matokeo yote mawili, picha ndogo na namba zake za mtihani za nne na sita, na asiondoke bila namba ya malipo. Akilipa, baada ya siku chache aangalie kama jina na somo vimeandikwa sawa kwenye orodha ya kituo. Kosa la somo likigundulika Aprili halirekebishiki kirahisi.